ELIMU YA URAIA: Nani Anaishi Wapi, na Kura Huendaje

Kila baada ya miaka mitano, matokeo ya urais yanapotangazwa, ramani ya Kenya hupakwa rangi za vyama. Kaunti zinazopakana mara nyingi hupata rangi moja, na watu hutazama ramani hiyo na kusema, "Kabila limepiga kura." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na ikimezwa nzima huleta hatari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakatoroka makwao. Wengi walilengwa kwa sababu ya jina au lugha yao, kana kwamba jina la mtu linatosha kuonyesha aliyempigia kura.

Ndiyo maana ni muhimu mkazi aelewe uhusiano uliopo kati ya wakazi wa eneo na matokeo ya kura. Somo hili linaeleza uhusiano huo ulivyoanza, unavyofanya kazi hadi kwenye wadi, mahali unapokoma, na mambo ambayo sheria inaitaka kaunti itimize.

Wakati daftari la kura lilipogawanywa kwa rangi

Nchini Kenya, siasa za rangi zilitangulia siasa za kabila kwenye sanduku la kura. Wazungu walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka wa 1920. Mwaka wa 1923, serikali ya Uingereza ilitoa hati inayojulikana kama Hati ya Devonshire, iliyoamua kwamba kila rangi ipige kura katika daftari lake. Wazungu walibaki na viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi wakapewa 5 na Waarabu 1. Waafrika hawakupewa hata kimoja. Waliwekewa mmisionari mmoja wa kuwasemea.

Idadi ya watu inaonyesha uzito wa uamuzi huo. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 na Wahindi 22,822. Kwa hivyo kundi dogo lilipata viti zaidi ya mara mbili ya vile vya kundi kubwa, na Waafrika, waliokuwa wengi kuliko makundi yote yakijumlishwa, wakaachwa nje. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo, aliteuliwa mwaka wa 1944. Hakuchaguliwa.

Funzo la kwanza linapatikana hapa. Hesabu ya watu peke yake haiamui matokeo. Anayeamua nani aandikwe katika daftari, na mipaka ichorwe wapi, huwa ameamua sehemu kubwa ya matokeo kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Chaguzi mbili zenye mafunzo

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, kuwachagua wajumbe 8. Haikuwa kura ya watu wote. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali, umri au utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Katika Mkoa wa Kati kulikuwa na sharti jingine. Kwa kuwa hali ya hatari ilikuwa bado inaendelea, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali ndipo waandikishwe. Wakikuyu wengi hawakukipata, na Wameru wakawa na uzito mkubwa katika daftari. Mathu, aliyekuwa na sifa nchi nzima, alishindwa na Bernard Mate kutoka Meru. Masharti ya kujiandikisha yalikuwa yamebadilisha sura ya wapiga kura.

Mwaka wa 1961 utaratibu ulibadilika. Kulikuwa na viti 33 vya wote na 20 vilivyotengwa: 10 vya Wazungu, 8 vya Wahindi na 2 vya Waarabu. Mgombea wa kiti kilichotengwa alipaswa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za watu wa rangi yake. Baada ya hapo alisimama mbele ya wapiga kura wote, ambao wengi wao sasa walikuwa Waafrika.

Katika Bonde la Ufa, Michael Blundell alishindana na Ferdinand Cavendish-Bentinck. Katika kura ya Wazungu peke yao, Cavendish-Bentinck alimwacha mbali sana, na Blundell akavuka asilimia 25 kwa shida. Kura ya wote ilipopigwa, mambo yaligeuka na Blundell akashinda kwa tofauti kubwa mno. Wagombea na eneo vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni orodha ya waliokuwa na haki ya kupiga kura.

Mwaka huohuo, jijini Nairobi, Tom Mboya alitetea kiti katika eneo ambalo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Mpinzani wake mkuu, Dkt. Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Kama kabila lingekuwa ndilo kila kitu, Mboya angeshindwa, lakini alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Wafanyakazi wa jiji walimfahamu kupitia vyama vya wafanyakazi, na hoja kubwa ya wakati huo ilikuwa uhuru. Hili ni funzo la pili: watu wanapokuwa na shida moja na matumaini mamoja, mpaka wa jamii hulegea.

Kwa nini majirani hupiga kura pamoja

Wapo wanaoamini kwamba mtu huzaliwa na kura yake damuni. Historia haikubali. Kuna sababu zinazoonekana wazi.

Ya kwanza ni makazi. Serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika maeneo ya kuishi kulingana na kabila, na wilaya nyingi zikachorwa kwa kufuata maeneo hayo. Mijini watu walitengwa kwa rangi. Nairobi, Wazungu waliishi Muthaiga na Karen, Wahindi Parklands na Ngara, na Waafrika Pumwani na Kaloleni. Mipaka mingi ya kaunti za leo inafuata ile ya wilaya za zamani. Kura zikihesabiwa kwa kaunti, ni lazima zionekane kama kura za jamii, kwa sababu watu waliwekwa hivyo tangu awali.

Ya pili ni mwanzo wa vyama. Serikali ilipowaruhusu tena Waafrika kuunda vyama vya siasa mwaka wa 1955, iliruhusu vya wilaya tu. Viongozi walilazimika kujijenga nyumbani kwanza, mbele ya watu wa lugha yao, kabla ya kukutana na wenzao wa mbali. Mazoea hayo hayakwisha bendera ilipopandishwa.

Ya tatu ni matarajio na hofu. Kwa miaka mingi barabara, shule, kazi na mashamba vilionekana kufuata kabila la aliye madarakani. Mkulima anayeamini kwamba barabara itafika kwao "mtu wetu" akishinda hapigi kura kwa upofu, anapiga hesabu. Na anayehofia kunyimwa "mtu wao" akishinda naye anapiga hesabu. Hesabu hiyo hubadilika pale huduma zinapogawanywa kwa haki na kwa uwazi.

Ya nne ni habari. Watu wanaosikiliza redio moja ya lugha ya nyumbani, wanaosali pamoja na kuuza katika soko moja, husikia hoja zilezile kwa sauti zilezile. Hata bila kuambiwa na yeyote, mara nyingi watafikia uamuzi unaofanana.

Pale ramani inapobadilika

Chaguzi za karibuni pia zinaonyesha kwamba kura ya jamii haikufungwa kwa kamba. Mwaka wa 2002, wagombea wawili wakuu wa urais, Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta, walitoka jamii moja. Kibaki alishinda kwa takriban asilimia 62, akiungwa mkono kutoka pembe nyingi za nchi, kwa sababu hoja kubwa ilikuwa kubadilisha utawala uliokaa tangu uhuru.

Mwaka wa 2022, wagombea wenza wote wawili wa mirengo mikuu walitoka Mlima Kenya: Rigathi Gachagua kutoka Nyeri na Martha Karua kutoka Kirinyaga. Wapiga kura wa Kirinyaga waliupa wingi mkubwa mrengo wa William Ruto, ingawa binti yao alikuwa katika mrengo wa Raila Odinga.

Kisumu Mashariki imemchagua zaidi ya mara moja Shakeel Shabbir, Mkenya mwenye asili ya Asia, na mwaka wa 2017 alishinda akiwa mgombea huru. Langata, wakati bado ikijumuisha Kibera, ilimchagua Philip Leakey, Mkenya mweupe, mwaka wa 1979. Maeneo hayo hayana Wahindi wengi wala Wazungu wengi wa kumpa mtu ushindi. Wapiga kura walitazama kitu kingine.

Hesabu ya wadi

Katiba inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Sharti hilo linamlazimu kutafuta kura nje ya kwao. Kwa Gavana, Mbunge na Mwakilishi wa Wadi hakuna sharti kama hilo. Anayeongoza ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu.

Chukua mfano wa hesabu wa wadi yenye wapiga kura 10,000: jamii ya kwanza ina 6,000, ya pili 3,000 na ya tatu 1,000. Jamii ya kwanza ikitoa wagombea watatu, wakagawana 2,200, 2,000 na 1,800, mgombea mmoja wa jamii ya pili mwenye kura 3,000 anaweza kushinda. Jamii ya kwanza ikipunguza wagombea hadi wawili, wakapata 3,200 na 2,800, basi wale 1,000 wa jamii ya tatu ndio watakaoamua nani awe Mwakilishi. Kundi dogo linaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko idadi yake, au likakosa uzito kabisa, kutegemea jinsi wengine walivyogawanyika.

Ndipo inapoeleweka kwa nini, katika baadhi ya kaunti za kaskazini, wazee hukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti, jambo linaloitwa demokrasia ya maelewano. Huko Marsabit, mwaka wa 2013, Warendille, Wagabra na Waburji waliungana chini ya mwavuli wa REGABU, na Ukur Yatani akawa gavana wa kwanza, ingawa Waborana ndio jamii kubwa zaidi katika kaunti. Mwaka wa 2017 hesabu ilibadilika na Mohamud Ali akachaguliwa.

Maelewano kama hayo yanaweza kuzuia mapigano na kuzipa nafasi jamii ndogo. Lakini yana gharama. Wanawake na vijana mara nyingi hawamo kwenye kikao hicho, na jamii isiyoalikwa huona imefungiwa mlango. Kisheria, uamuzi wa wazee ni ushauri tu. Ndani ya kibanda cha kura, kila mtu yuko peke yake.

Jambo ambalo takwimu haziwezi kusema

Kuna kosa moja ambalo hata wachanganuzi wa redioni hulifanya: kuchukua matokeo ya eneo na kuyageuza kuwa kura ya mtu.

Chukua tena wadi ya wapiga kura 10,000, yenye 6,000 wa jamii moja na 4,000 wa jamii nyingine, na wote wapige kura. Mgombea fulani apate 6,000. Haraka haraka mtu atasema jamii kubwa yote ilimpigia. Lakini inawezekana alipata 4,000 kutoka jamii kubwa na 2,000 kutoka jamii nyingine. Jumla ni ileile, na karatasi ya matokeo haitofautishi. Kwa hiyo kusema "wale wa mtaa ule walitupinga" ni kusema jambo lisilojulikana. Kura ni ya siri kwa mujibu wa Katiba, na hakuna jina, sura wala lafudhi inayoifichua. Waliochomewa nyumba mwaka wa 2008 walihukumiwa kwa kura ambayo hakuna aliyeiona.

Jambo la pili ni wale wasiohesabiwa. Katika Kaunti ya Kwale, Wamakonde ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba waliishi kwa miongo bila vitambulisho. Bila kitambulisho hakuna kujiandikisha kupiga kura. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na wakatambuliwa rasmi kama jamii ya 43 ya Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa jamii ya 44. Jamii inaweza kuwepo mtaani miaka 70 na isionekane kamwe katika ramani ya kura.

Sheria inasema nini

Watunga sheria walijua kwamba karibu kila kaunti ina jamii kubwa na jamii ndogo, na kwamba kura peke yake inaweza kuwaacha wachache nje. Kwa sababu hiyo waliweka kinga kadhaa:

- Ibara ya 197 ya Katiba inataka sheria ihakikishe kwamba bunge la kaunti na kamati yake ya utendaji yanaakisi jamii na tamaduni mbalimbali zilizo katika kaunti, na kwamba wachache wanalindwa.
- Sheria ya Serikali za Kaunti, sehemu ya 65, inaitaka bodi ya utumishi kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasiotoka jamii kubwa ya kaunti.
- Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja.
- Ibara ya 89 inaruhusu idadi ya watu katika eneobunge au wadi kupita wastani wa nchi au kuwa chini yake kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika. Uhusiano wa kijamii na kihistoria wa wakazi ni mojawapo ya mambo yanayopaswa kuzingatiwa.

Mipaka ya maeneobunge 290 na wadi 1,450 ilipangwa mara ya mwisho mwaka wa 2012. Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kikomo hicho kilipita Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna. Ilikaa hivyo tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Mipaka itakapopitiwa, wakazi wana haki ya kutoa maoni. Kijiji kikihamishwa kutoka wadi moja hadi nyingine, jamii iliyokuwa na wachache inaweza kuwa na wengi, au kinyume chake, bila mtu hata mmoja kuhama.

Mkazi anaweza kufanya nini

Kwanza, athibitishe kwamba jina lake limo katika daftari la wapiga kura, na awasaidie vijana waliofikisha miaka 18 kupata vitambulisho. Eneo lenye watu wengi na waliojiandikisha wachache halina uzito debeni.

Pili, asome matokeo kuanzia kituoni. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, na fomu ya 34A ya matokeo ya urais hubandikwa mlangoni. Anayesoma fomu za vituo kadhaa huona tofauti ambazo ramani ya kaunti nzima huzificha.

Tatu, ahudhurie vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti na mpango wa maendeleo wa kaunti. Hapo ndipo mkazi wa jamii ndogo anaweza kuuliza kwa nini zahanati ilijengwa upande mmoja tu, hata kama mgombea wake alishindwa. Aliyechaguliwa anawahudumia wakazi wote wa wadi, waliompigia kura na wasiompigia.

Nne, anaposikia mtu akisema "wale si wa hapa", akumbuke kwamba Katiba inampa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini na kupiga kura pale alipojiandikisha.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Katika wadi yenu, ni makundi gani yanayoishi hapo, na ni lipi halijawahi kusikika katika kikao cha bajeti?
2. Ni hoja gani, kama vile maji, barabara au bei ya mazao, inayowagusa wakazi wa jamii zote za wadi kwa pamoja?
3. Kama wazee wangekaa kugawana viti katika eneo lenu, ni nani angepaswa kuwa kikaoni ili maamuzi yaheshimiwe na wote?
4. Kama mpaka wa wadi ungesogezwa kijiji kimoja, nani angepata nguvu na nani angezipoteza? Ni maoni gani yapelekwe kwa Tume?